Rafiki yangu amejiona ndani ya riwaya yangu, na mhariri anasema haina kisa

(Majina na mambo yote yanayoweza kumtambulisha mtu yamebadilishwa kabla ya barua hii kuchapwa, pamoja na yale yaliyomo ndani ya muswada wenyewe. Mwenye barua ameafiki.)

Shikamoo shangazi,

Nasoma safu yako tangu nikiwa chuo cha ualimu, na sikudhani ipo siku nitakuandikia. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, nina miaka 30. Usiku nikishasahihisha madaftari ya watoto huwa naandika, na mwaka huu nimekamilisha riwaya yangu ya kwanza. Inahusu vijana wanne waliokulia mtaa mmoja wa Ngamiani: Mwanaidi, Hamza, Pendo na Kibwana. Tunaanza nao mwaka 2009 wakiingia kidato cha kwanza, wanapokezana baiskeli moja kwenda shule, na tunaachana nao wakiwa na miaka ishirini na kitu, kila mmoja kashika njia yake. Hamna jambazi ndani yake, hamna mganga, hamna tajiri anayemtorosha mtu. Nilichotaka ni msomaji awajue wale wanne kama ninavyowajua mimi: Hamza anayecheka kila anapoogopa, Pendo asiyeweza kukaa kwenye nyumba yenye ukimya. Mtihani wa kidato cha nne wanaufanya Oktoba 2012, na Februari 2013 yanatoka yale matokeo ambayo sisi wa rika hilo hatutayasahau. Hamza na Kibwana wanapata sifuri.

Muswada niliupeleka kwa mchapishaji mmoja Dar es Salaam. Baada ya miezi kadhaa mhariri wake akanipigia. Aliisifia lugha, kisha akaniambia, "Lakini binti, hapa hakuna kisa. Watu wanakaa barazani, wanazungumza, wanarudi nyumbani." Akanishauri mambo mawili. Kwanza nitie tukio kubwa, akataja mauaji au jini. Pili, yule Mwanaidi afe mwishoni, ili wasichana wa shule wakisoma wapate funzo. Alisema bila funzo kitabu hakiingii shuleni, na kisipoingia shuleni hakiuziki. Alizungumza nami kwa upole na sina kinyongo naye, ila simu ilipokatika mikono ilikuwa inanitetemeka.

Hilo ningelimudu. Linalonikosesha usingizi ni lingine.

Mwanaidi nilimtoa kwa rafiki yangu wa tangu utotoni. Tukiwa kidato cha tatu alipata ujauzito, akafukuzwa shule. Wazazi wake wakatangaza kwamba amekwenda Handeni kumuuguza bibi yake, na mama yake akaanza kuvaa madera mapana na kujishika kiuno akipita mtaani. Mtoto alipozaliwa akawa "mdogo wake" rafiki yangu, na mpaka leo anamwita dada. Wanaojua ni wachache sana, mimi nikiwa mmoja wao. Mume aliye naye sasa hajui. Haya yote yamo kwenye sura ya nne. Nilichobadilisha ni jina lake tu, na Handeni nikaifanya Lushoto.

Nilimpa yeye asome kabla ya mtu mwingine yeyote. Niliona hiyo ndiyo heshima. Akanirudishia kwa mkono wa kijana wa bodaboda, muswada umefungwa kwenye mfuko wa rambo, ndani mna kikaratasi kimeandikwa "Umeniuza". Simu zangu hapokei. Nilikwenda dukani kwake, akanipimia sukari, akanirudishia chenji, akamwita mteja wa nyuma yangu.

Nimekuambatanishia sura hiyo ya nne na ile ya matokeo. Utakuta ukurasa ambao wageni wako sebuleni, mtoto analia, Mwanaidi maziwa yanamtoka na hawezi kumnyonyesha mbele ya watu. Amesimama jikoni kajifunga kanga mbili juu ya gauni, anamsikiliza mama yake akimbembeleza mtoto kwa chupa. Hilo rafiki yangu hakuwahi kunisimulia. Nililitunga. Kumbe ndilo lililomuumiza kuliko yote. Dada yake ameniambia alilia huku akiuliza, "Hili nani kamwambia?"

Sasa shangazi, nimfute Mwanaidi? Nikimfuta riwaya inaanguka, maana wale watatu wote wanamzunguka yeye. Nimuue kama mhariri anavyotaka? Wenzangu wa kikundi chetu cha waandishi wanasema mwandishi ana haki ya kuandika chochote alichokiona, na kwamba nikianza kuomba ruhusa sitaandika kamwe. Na mwisho, miaka 30 si nimechelewa? Naona watu wana vitabu vitatu kwa umri huu.

Mwenye mashaka, Tanga


Marahaba mwanangu,

Nianze na rafiki yako, kwa sababu kitabu kinaweza kusubiri na yeye hawezi.

Wenzako wa kikundi wamesema kweli nusu. Baraza lile ni lako, baiskeli ni yako, kicheko cha Hamza ni chako, na hakuna wa kukupa kibali cha kuyaandika. Lakini habari ya sura ya nne hukuipata kwa kuwa na macho. Ulikabidhiwa. Msichana wa kidato cha tatu, siku aliyokuwa hana pa kushika, alichagua wachache wa kuwaamini, ukawamo. Kuyaona mambo na kukabidhiwa mambo si hali moja, na mwandishi asiyezitenganisha atabaki hana wa kumwambia neno.

Tena angalia siri hii ni ya nani. Barua yako inamtaja rafiki yako, mume wake, wazazi wake. Mtoto umempa sentensi moja. Kwa hesabu ya miaka uliyonipa, mtoto huyo sasa amebalehe au anakaribia, yuko shule na anajua kusoma. Mhariri wako anatamani kitabu kiingie madarasani. Kikiingia, atakisoma. Pengine atapewa swali la kueleza sifa za Mwanaidi, amalize kulijibu ndipo atambue kwamba amemweleza mama yake mzazi. Hata rafiki yako angekuambia endelea, mimi ningekushauri usubiri, kwa sababu kuna mtu wa tatu ambaye hakuulizwa na bado ni mdogo mno kuulizwa. Sura ya nne isichapwe ilivyo. Hapo sina mjadala.

Lakini Mwanaidi usimfute, wala usimuue.

Nimeisoma sura hiyo kalamu ikiwa mkononi, kama ninavyosoma miswada yote. Madera ya mama yamo, safari ya Lushoto imo, kurudi usiku kumo, mtoto kuitwa mdogo kumo. Kila kitu kiko mahali pake na hakuna kinachopumua. Sentensi zako, ambazo kwenye sura nyingine zinatembea kwa raha, hapa zinakimbia: likatokea hili, likafuata hili, wakaamua hivi. Unaandika kama mtu anayetoa ushahidi na anataka kushuka kizimbani upesi. Na Mwanaidi mwenyewe anapelekwa, anarudishwa, anaambiwa anyamaze, ananyamaza. Nimetafuta mahali anapotaka kitu nikakosa, mpaka nilipofika jikoni. Pale mwili wake unataka na nyumba nzima inamkataza. Ameikaza kanga ya juu, ameuma upindo wake, masikio yako sebuleni. Nilipoufikia ukurasa ule sikuweza kuuweka chini. Nawe unaniambia ndio ukurasa ulioutunga.

Ndiyo maana nasema una tatizo moja, ingawa limekuletewa na watu wawili. Mhariri ameona hakuna kinachokwenda. Rafiki yako ameona ametolewa nje kweupe. Wote wameelekeza kidole pale pale. Ulipomnakili rafiki yako ulifungwa na yaliyotokea, ukaogopa kuongeza, ukaogopa kupunguza, mhusika akabaki amesimama. Matukio ni mali yake, na kwenye kitabu chako ndiyo yaliyolegea. Moyo uliomtungia Mwanaidi ni mali yako, na ndio wenye nguvu. Toa vilivyo vyake, ongeza vilivyo vyako, na malalamiko yote mawili yatapungua kwa kazi hiyo hiyo moja.

Naijua hofu yako: kwamba ukianza kutafuta matukio utaishia kwa jini la mhariri. Riwaya inayobebwa na wahusika haikosi matukio. Tofauti yake ni kwamba matukio yanatoka tumboni mwa mtu, hayaangushwi kutoka juu ya dari. Wewe ni mtu wa Tanga, bila shaka umeisoma Siku Njema, riwaya ya kwanza ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996. Ukiulizwa kisa chake ni nini utasema ni kijana Kongowea Mswahili anamtafuta baba yake. Basi. Hamu hiyo moja inamtoa Tanga na kumvusha mpaka hadi Kitale, na kila anachokutana nacho njiani kinatushika kwa sababu tunajua anachokitaka na tunaogopa asikipate. Vizazi vya wanafunzi wa Kenya vimeisoma kwa ajili ya mtihani na bado wako wanaomtaja Kongowea kana kwamba walisoma naye darasa moja.

Sasa niambie Mwanaidi anataka nini asubuhi ile ya Oktoba 2012, wenzake wanapopita mlangoni na rula na kalamu. Umeandika kwamba anawatazama hadi wanapokata kona. Sawa, halafu? Mimi nadhani anautaka ule mtihani. Anautaka kwa ubishi kabisa, ubishi ambao hana wa kumwambia.

Ukimpa hamu hiyo, historia yenyewe itakuletea vikwazo bila kukopa. Mwaka 2012 shule ya serikali isingempokea tena msichana aliyejifungua. Ruhusa ya wasichana kama yeye kurudi kwenye mfumo rasmi ilitangazwa na Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, tarehe 24 Novemba 2021, miaka tisa baada ya asubuhi ile. Kwa hiyo njia iliyobaki ni kujisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea. Hapo hapo maswali yanaanza kujipanga. Ada ya usajili anaitoa wapi, na mama anadhani inakwenda kwenye nini? Anasoma na nani? Vitabu vya nani? Akikutana na mwalimu aliyeandika barua ya kumfukuza, anamwamkia au anavuka barabara? Kila swali linazaa tukio, na hakuna hata moja linalohitaji mzoga.

Rafiki yako, kwa jinsi ulivyonieleza, hakupita njia hiyo. Vizuri. Kuanzia ukurasa huo Mwanaidi ameachana naye.

Ule mpango wa mtoto kukuzwa kama mdogo wake utoke kabisa, usirembwe wala usihamishiwe mji mwingine. Ndio alama ya kidole ya familia ile. Fikiria kwa mfano mtoto amechukuliwa na upande wa baba akiwa mchanga, analelewa mbali, na Mwanaidi amebaki na mikono mitupu. Ukurasa wako wa jikoni hautapotea. Mtie Mwanaidi kwenye daladala jioni, anakwenda masomo ya ziada, madaftari kayakumbatia kifuani. Nyuma yake mtoto wa mwanamke asiyemjua anaanza kulia, na maziwa yanamshuka. Wanawake waliozaa wanajua kwamba mwili hauulizi mtoto ni wa nani. Abiria wamebanana, konda anadai nauli, na msichana anayaminya madaftari ya fizikia juu ya gauni lililolowa, akijaribu kuusoma uso wa aliyeketi mbele yake kama ameona. Hapo una yote uliyokuwa nayo jikoni, na hakuna mtu wa Tanga atakayekwenda kugonga mlango wa rafiki yako. Nimekupa mfano tu. Ukipata wako ulio bora utumie wako.

Badilisha na mengine ya nje: kazi ya mama, idadi ya ndugu, nyumba ilivyokaa, hata alivyo kwa umbo. Na siku kitabu kitakapotoka usikubali neno "kisa cha kweli" liwekwe nyuma ya jalada, wala usilitamke redioni ukihojiwa. Neno hilo linauza nakala chache na kuwatuma watu wote kutafuta mwenyewe ni nani.

Nije kwenye ile sura ya matokeo, kwa sababu hapo nilitaka kukupigia simu usiku ule ule. Umepewa zawadi na ukaipita kwa aya mbili! Februari 2013 matokeo yanatangazwa, zaidi ya nusu ya watahiniwa nchi nzima wamepata sifuri. Umeandika Hamza anaiona namba yake, anacheka, anakwenda kuvua samaki na mjomba. Kicheko kile nimekipenda, kinaendana naye. Kisha unaruka moja kwa moja hadi mwaka 2014. Mwanangu, Mei 2013 umeiacha wapi? Serikali iliunda tume, matokeo yale yakafutwa, yakapangwa upya na kutangazwa tena mwezi Mei, na baadhi ya waliokuwa na sifuri wakajikuta na daraja la nne. Wewe uliyaishi hayo. Hebu mrudie Hamza: kwa miezi mitatu ni mtu wa sifuri. Baba ameacha kumwita kwa jina. Madaftari ameyapa watoto wafungie karanga. Mpenzi, kama alikuwa naye, ameshaanza kuwa na shughuli. Amezoea, ameanza hata kuwa mvuvi mzuri. Halafu mtu anamfuata pwani na kumwambia wewe hukufeli. Anafanya nini na uso wake? Anamrudiaje baba? Na Kibwana, ambaye yake hayakubadilika, wanaongea nini jioni ile juu ya baiskeli waliyokuwa wakipokezana?

Kukua, kwa rika lenu, kulipita pale. Mliambiwa nyinyi ni kitu fulani, kisha mkaambiwa tulikosea kuhesabu. Sijaona riwaya iliyokaa ndani ya miezi ile mitatu ikapumua humo, na ninaitaka kutoka kwako. Na kama Hamza, pamoja na daraja lake la nne, ataamua kurisiti, atakutana na nani kwenye darasa la jioni la watahiniwa wa kujitegemea? Na Mwanaidi. Hamza anarudia mtihani, Mwanaidi ndiyo mara yake ya kwanza. Mwaka mzima hawajaongea. Sikiliza tu wataambiana nini.

Kuhusu kumuua, mhariri wako hakosei juu ya soko. Wachapishaji wetu wengi wanaishi kwa vitabu vya shule, na ni haki yake kuwaza hivyo. Lakini tumewaua wasichana wa kutosha kwenye fasihi yetu. Msichana anapenda, anapata mimba, anakufa, mwalimu anauliza tumejifunza nini. Mtu atakutajia Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, nayo ni riwaya ya kwanza ya mwandishi kijana, mzaliwa wa Ukerewe, iliyotoka 1971 akiwa na miaka 27 hivi. Rosa anakufa, kweli. Ila soma tena uone lawama zinaelekezwa wapi. Kezilahabi anamtazama Zakaria, baba aliyemlea binti kwa kiboko na kumnyima maarifa ya dunia, na hamwachi akwepe. Kitabu hicho kilipigwa marufuku shuleni kwa muda, kisha miaka ikapita kikaja kusomwa katika fasihi shuleni humo humo. Kwa hiyo hesabu za mhariri za leo kuhusu kipi kitaingia shuleni na kipi hakitaingia zisikuandikie mwisho. Mwanaidi wako aishi. Akifeli afeli akiwa hai, akifaulu afaulu na gharama yake ionekane.

Sasa la kwanza kufanya, kabla hujagusa kalamu. Mwandikie mchapishaji leo umwambie unauondoa muswada huo na unaomba nakala zote zifutwe, kwa sababu unaandika toleo jipya. Huna haja ya kueleza zaidi. Wenzako wa kikundi, kama walipewa sura ya nne, waombe waifute pia, na wakikuuliza sababu waambie ni yako. Siri haiwi salama kwa sababu wewe umetubu wakati faili limo kwenye kompyuta za watu wanne.

Ukishayafanya hayo ndipo mtafute rafiki yako. Usimwandikie ujumbe mrefu wa simu wa kujieleza. Ujumbe wa namna hiyo humtaka aliyeumizwa akufariji. Pitia kwa dada yake, kwa kuwa anaongea na nyote wawili. Aombe kwa niaba yako muda mfupi, mahali atakapochagua mwenyewe, na dukani kwake usirudi, pale ana wateja na hawezi kukufukuza. Ukikaa naye mwambie yale aliyohitaji kusikia: kwamba sura ile imeondolewa, nakala zimefutwa, na mpango wa familia yake hautakuwamo kwenye kitabu chochote utakachoandika. Mwombe radhi kwa hilo bila "lakini". Habari za sanaa, haki ya mwandishi na ugumu wa kutunga ziache nyumbani.

Atakuuliza habari ya jikoni. Mwambie ukweli, kwamba hakuna aliyekuambia. Ulikaa ukamfikiria hadi ukafika pale. Sijui atalipokeaje. Huenda likamuumiza zaidi, kwa kuwa aliamini kuna chumba kimoja ambacho hakuna aliyekiingia. Huenda siku nyingine likamfariji kwamba kuna mtu alimfikiria kwa kiasi hicho. Usimsukume kwa lolote kati ya hayo.

Toleo jipya likikamilika mwambie lipo na kwamba akitaka kulisoma ni lake. Asipotaka, usimlazimishe. Je, akisema hataki kabisa msichana mwenye mimba aonekane kwenye kitabu chako? Hapo nitasimama upande wako. Wasichana waliofukuzwa shule kwa ujauzito miaka ile walikuwa wengi, na hakuna hata mmoja wao mwenye hatimiliki ya jambo hilo. Siri yake ni yake, ila hali ile ni ya nchi nzima na inahitaji kuandikwa. Mpe muda, msikilize hadi mwisho, kisha andika. Na ujue kwamba unaweza kuyafanya haya yote sawasawa na urafiki usirudi. Nakuambia mapema ili usije ukaligeuza toleo jipya kuwa deni unalomdai.

Miaka 30 isikusumbue. Abdulrazak Gurnah aliondoka Zanzibar akiwa na miaka 18, riwaya yake ya kwanza ikatoka 1987, umri wake ukikaribia 40. Inahusu kijana wa pwani anayetaka kuondoka kwao. Huenda alihitaji miaka hiyo kuweza kumtazama kijana yule bila kumwonea huruma kupita kiasi. Wewe nawe pengine ulihitaji kusahihisha madaftari ya watoto wa wenzako kwanza.

Usikimbilie mchapishaji mwingine kabla ya kazi hii kwisha. Ukimaliza, kuna milango miwili zaidi ya ile ya kawaida. Ipo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na ipo tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Zote hupokea miswada ambayo bado haijachapwa. Soma masharti ya mwaka husika kwa makini, hasa urefu unaotakiwa na tarehe ya mwisho, na utume kazi iliyokwisha kusomwa na mtu asiyekupenda sana.

Kuhusu lugha ya vijana wako, ambayo hukuuliza: usiisafishe. Wakiongea wenyewe kwa wenyewe waache waongee kama watu wa Ngamiani, na wakiongea na mwalimu wabadilike. Hapo umefanya vizuri.

Anza na Hamza pwani, mwezi Mei. Ni rahisi kuliko Mwanaidi, na itakupa mkono kabla hujaingia kwenye daladala. Sura hiyo ikikaa sawa nitumie niisome.